Mimba bila kuingiliana: namna ya kupima hatari yako hatua kwa hatua

"Hatukufanya kitu, tulichezeana tu, lakini siku zangu zimepita. Inawezekana?"

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, na majibu yake huwa ya aina mbili. Wapo wanaoapa kwamba uume usipoingia hakuna mimba. Wapo wengine wanaotishia watu hata taulo, bwawa la kuogelea na kiti cha choo. Wote wanapotosha. Anayewaamini wa kwanza hupitwa na muda wa kuzuia mimba ambayo ingezuilika. Anayewaamini wa pili hukosa usingizi wiki tatu kwa jambo lisilokuwepo.

Ili mimba itunge, shahawa mbichi lazima zifike mlangoni mwa uke, katika siku ambazo yai limetoka au linakaribia kutoka. Kuingiliana ni njia ya kuzifikisha, tena njia bora kuliko zote, lakini si njia pekee. Katika karne ya 18 padri wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliwavisha vyura dume suruali za kubana (ndiyo, suruali) kisha akawaacha wakumbatie majike yao kama kawaida. Mayai yalitoka, lakini hayakukua. Alipochukua majimaji yaliyobaki ndani ya suruali na kuyapaka kwenye mayai, yakaanza kukua. Baadaye akampandikiza mbwa jike shahawa kwa bomba la sindano, akazaa. Hivyo kinachohesabika ni shahawa zimefika wapi na zikiwa katika hali gani.

Hatua ya 1: andika kilichotokea, bila kuficha maneno

"Tulichezeana" haitoshi. Andika kwenye karatasi au simu: alimwaga au hakumwaga? Shahawa ziliangukia wapi: tumboni, mapajani, mkononi, kwenye mashavu ya uke, ndani ya chupi yake mwenyewe? Mlikuwa mmevaa nini, na je, nguo ililowa hadi upande wa ndani? Kama kidole kiliingia, kilikuwa na majimaji au kilikuwa kimeshakauka? Ongeza tarehe na saa ya tukio, na tarehe hedhi yako ya mwisho ilipoanza, yaani siku ya kwanza ya damu.

Maelezo hayo yatakufaa pia ukienda kituo cha afya, kwa sababu aibu huwaponza wengi wakiwa mbele ya mhudumu. Muuguzi akikuuliza, "Mlikutana kimwili, mdogo wangu?" nawe ukajibu, "Hapana, dada," mazungumzo yameishia hapo. Ukisema, "Hapana dada, ila alimwaga pale nje, mlangoni kabisa, juzi usiku," ameshakuelewa na anajua la kufanya.

Hatua ya 2: tazama tukio lako linaangukia wapi

Yapo mambo yasiyoleta mimba hata kidogo. Kubusiana, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja, kupapasana juu ya nguo. Shahawa zikimezwa huingia tumboni na kumeng'enywa kama chakula. Hakuna njia kutoka huko kwenda kwenye mji wa mimba. Zikishakauka kwenye taulo, shuka au kiti, mbegu zimekufa, na kuzilowesha tena hakuzifufui. Katika bwawa la kuogelea husambaa, na dawa ya klorini huzimaliza. Zaidi ya hapo, kuta za uke hukaa zimegusana, hazifyonzi maji ya bwawa.

Kusuguana wote mkiwa na nguo kunakaribia kundi hilo. Kitambaa hunyonya majimaji, na mbegu zikikosa majimaji haziendi popote. Ninachokiwekea alama ya kuuliza hapa ni chupi moja nyembamba iliyolowa chapachapa huku imegandamana na uke. Hata hapo hatari iko chini sana, ila siwezi kuiita sifuri.

Sasa tuingie kwenye hatari ya kweli. Mwanamume akimwaga kwenye mashavu ya uke au mlangoni mwake, mbegu zinaweza kuingia zenyewe. Ndivyo ilivyo pia uume mtupu ukisugua pale nje, kidole chenye shahawa mbichi kikiingizwa ndani, au shahawa zikichuruzika kutoka njia ya nyuma hadi mbele. Kwa wingi, mbegu si haba: kwa kawaida mwanamume hutoa mililita 1.5 hadi 5, na kila mililita hubeba mamilioni kwa mamilioni ya mbegu. Lakini safari ni ngumu. Uke una tindikali, pH yake (kipimo cha ukali wa tindikali) ikiwa kati ya 3.8 na 4.5, na tindikali hiyo huua mbegu. Kwenye tendo la kawaida shahawa humwagwa ndani kabisa, karibu na mlango wa kizazi, na bado ni mbegu mia chache tu zinazofika kwenye mirija. Zilizoachwa mlangoni zina mwendo wote wa uke mbele yao kabla hazijafika hapo ambapo nyingine zilianzia.

Kuna kipimo kizuri cha kulinganishia. Utafiti wa Allen Wilcox na wenzake, uliochapishwa 1995, uliwafuatilia wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto. Kwa waliokutana na waume zao siku 5 kabla ya yai kutoka, uwezekano wa mimba ulikuwa kama 10%. Kwa siku yai lilipotoka, kama 33%. Hapo ni tendo kamili, bila kinga, kwa watu wanaoitafuta mimba. Tukio la nje liko chini ya hapo, tena chini sana. Ukisikia mtu anasema "tone moja tu, lazima ushike", hana msingi.

Madhii, yale majimaji mepesi yanayotoka kabla ya manii, yana ubishi wake. Yenyewe hutengenezwa na tezi zisizotoa mbegu. Hata hivyo, mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wanaume 27 waliotoa madhii yao yakapimwa: 11 kati yao walikuwa na mbegu ndani yake, na kwa 10 mbegu hizo zilikuwa hai na zinatembea. Idadi ya mbegu ilikuwa ndogo. Maana yake ni kwamba "hakumwaga" inapunguza hatari sana lakini haiifuti, na huwezi kujua mwenzako yuko kundi gani kwa kumtazama.

Na lile la "kichwa tu", au "tulichovya kidogo kisha tukaacha": huko ni kuingiliana. Lihesabu hivyo, ufuate hatua zinazofuata kama mtu aliyefanya tendo bila kinga.

Hatua ya 3: hesabu siku zako

Tukio likiwa na hatari, swali linalofuata ni siku. Mbegu zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke zikikuta ute mzuri; yai huishi saa 12 hadi 24. Kwa hiyo siku za hatari ni zile 5 kabla ya yai kutoka, siku yenyewe, na kwa tahadhari moja baada yake.

Kosa la kawaida ni kuhesabu siku 14 kwenda mbele kutoka hedhi iliyopita. Hiyo inawafaa wenye mzunguko wa siku 28 pekee. Hesabu kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo. Tuseme hedhi yako ilianza tarehe 3, na mzunguko wako ni wa siku 28 bila kuyumba. Katika mwezi wa siku 31, hedhi ijayo itaanza tarehe 31. Rudi nyuma siku 14: yai linatoka karibu na tarehe 17. Siku za hatari ni tarehe 12 hadi 18.

Lakini wangapi mzunguko wao hauyumbi? Chukua mtu yuleyule, safari hii mzunguko wake unacheza kati ya siku 24 na 33. Ule mfupi unaweka hedhi ijayo tarehe 27 na yai tarehe 13. Hatari inaanzia tarehe 8. Ule mrefu unalisogeza yai hadi tarehe 22, hivyo hatari inaishia tarehe 23. Wiki mbili na ushei! Ndiyo sababu programu za simu za kukisia siku hazitoshi kukupa uhakika ukiwa na mzunguko wa namna hii, hata zikipamba kalenda kwa rangi.

Mwili wenyewe hukupa dalili nzuri zaidi. Yai linapokaribia, ute wa ukeni huongezeka, hung'aa na kuteleza kama ute mbichi wa yai la kuku. Ukiushika kati ya kidole gumba na cha shahada, unavutika bila kukatika. Huo ndio ute unaozihifadhi mbegu. Ute mzito, mweupe, unaokatika ukiuvuta, huwa wa siku nyingine. Kama siku ya tukio ulikuwa na ule unaovutika, usijidanganye kwa hesabu ya kalenda.

Hatua ya 4: kama hatari ipo, usilale nayo

Hapa ndipo watu hupoteza muda kwa kuoga ndani ya uke kwa maji, ndimu, siki, soda au sabuni. Haisaidii. Mbegu zinaweza kuupita mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, na unachofanya ni kuharibu kinga ya asili ya uke. Kukojoa nako hakuzitoi, kwa kuwa mkojo una tundu lake. Osha nje kwa maji, basi.

Kinachosaidia ni uzazi wa mpango wa dharura, na una saa zake:

- Kidonge cha levonorgestrel, miligramu 1.5 kwa mara moja. Kimeze mapema uwezavyo, ndani ya saa 72. Kinaweza kutolewa hadi saa 120, ila nguvu yake hushuka kadiri unavyochelewa.
- Kidonge cha ulipristal, miligramu 30, hadi saa 120. Hiki hushikilia nguvu yake vizuri zaidi siku ya 4 na ya 5.
- Kitanzi cha shaba kinachowekwa na mtaalamu ndani ya siku 5. Hakuna kinachokipita, kinazuia zaidi ya 99%, na ukipenda kinabaki kuwa kinga yako kwa miaka.

Vidonge hivi hufanya kazi hasa kwa kulichelewesha yai. Kama limeshatoka havina msaada mkubwa, na kama mimba imeshatunga haviitoi. Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya levonorgestrel, au saa 3 baada ya ulipristal, rudia dozi. Mwambie mhudumu kama uzito wako ni mkubwa au kama unatumia dawa za kifafa, rifampicin ya kifua kikuu au efavirenz ya VVU, kwa kuwa hupunguza nguvu ya vidonge. Hapo kitanzi ni bora. Baada ya kidonge hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa hadi wiki moja, jambo ambalo huwatia watu hofu ya pili bure.

Ushauri wangu: shahawa mbichi zikigusa mlango wa uke, au kidole chenye shahawa kikiingia, katika siku za hatari au siku usizozijua, tumia. Kwa madhii peke yake hapo mlangoni, katika siku za hatari, ningetumia pia. Kwa kusuguana na nguo nisingetumia. Kidonge hiki si sumu, lakini kukimeza kila wiki kwa ajili ya hofu ni dalili kwamba unahitaji njia ya kawaida ya uzazi wa mpango.

Hatua ya 5: pima kwa wakati wake

Yai likirutubishwa, huchukua kati ya siku 6 na 12 hivi tangu lilipotoka kabla ya kujishikiza kwenye mji wa mimba. Kabla ya hapo hakuna homoni ya mimba (hCG) kwenye mkojo, na kipimo hakina cha kukiona. Kwa hiyo kichefuchefu cha kesho yake si cha mimba. Tumbo kuunguruma siku ya tatu si mimba. Matiti kuuma wiki moja kabla ya hedhi ni jambo la hedhi zaidi ya la mimba.

Pima siku ya kwanza hedhi inapochelewa. Kama mzunguko wako hautabiriki, subiri siku 21 tangu tukio. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, usinywe maji mengi kabla, na soma jibu katika dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Kipande kilichoachwa mezani hadi jioni kinaweza kuonyesha mstari hafifu wa kijivu baada ya kukauka. Huo si jibu. Mstari wa pili wenye rangi uliotokea ndani ya muda wake, hata ukiwa hafifu, uhesabu kuwa ndiyo, kisha uhakikishe kituoni.

Kipimo kikisema hapana siku 21 baada ya tukio, tukio hilo limekwisha. Hedhi ikiendelea kukawia, rudia baada ya wiki moja, kisha tafuta sababu nyingine: wasiwasi wenyewe, uzito kupanda au kushuka ghafla, mazoezi makali, kunyonyesha, sindano ya uzazi wa mpango, matatizo ya tezi ya shingo au vifuko vingi kwenye ovari. Mzunguko unaozunguka bila mpangilio kwa miezi mitatu unahitaji daktari hata kama hujawahi kuguswa na mwanamume.

Bikira na mimba

Kizinda hakizibi uke. Kina uwazi, hedhi ingepita wapi? Palipo na njia ya damu kutoka, mbegu nazo zina njia ya kuingia, na madaktari wameshakutana na wajawazito ambao kizinda chao kiko kama kilivyokuwa. Kwa hiyo "mimi bado bikira" si kinga. Na kwa wazazi: kumpeleka binti akapimwe bikira hakuwezi kukujulisha alichofanya. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji huo ukomeshwe, kwa kuwa hauna msingi wa kisayansi na unawaumiza wasichana.

Wanaoitafuta mimba kwa njia hii

Wapo wenye ndoa ambao tendo haliwezekani: misuli ya uke hukaza ikakataa kabisa, au mume ana ulemavu au tatizo la nguvu. Kwao habari hii ni ya matumaini. Shahawa hutolewa kwenye chombo kikavu na safi, huachwa dakika 15 hadi 30 ziyeyuke, kisha huingizwa taratibu ukeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ndani ya saa moja, katika siku za ute unaovutika. Usitumie mate wala mafuta ya kulainisha ya kawaida. Mengi hudhuru mbegu. Kamwe usijaribu kupitisha shahawa hizo ndani ya mlango wa kizazi: zinaweza kuleta maumivu makali na maambukizi. Kliniki huziosha kwanza. Shahawa za mtu asiyepimwa VVU, homa ya ini na kaswende zisitumike. Miezi 6 hadi 12 ikipita bila kitu, au mapema zaidi kama mwanamke ana miaka 35 na kuendelea, muone mtaalamu wa uzazi.

Mimba si hatari pekee

Malengelenge ya sehemu za siri, kaswende na virusi vya HPV huambukiza kwa ngozi kugusana, bila uume kuingia popote. Kisonono hukaa hata kooni. Kama tukio lilikuwa la kulazimishwa, nenda kituo cha afya upesi, ndani ya saa 72: pamoja na kuzuia mimba utapewa dawa za kukukinga na VVU. Kwa ushahidi ni bora uende kabla ya kuoga, lakini hata kama umeshaoga, nenda.

Kipimo kikisema ndiyo

Mwanamume atasema, "Lakini mimi sikuingia." Baada ya yote yaliyoelezwa hapo juu, kauli hiyo haimtoi yeye wala haimtii hatiani mwanamke. Ugomvi mwingine huzuka kwenye picha ya ultrasaundi. Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia hedhi ya mwisho, siku 14 hivi kabla ya yai kutoka, hivyo picha ikiandika wiki 6, mimba ilitunga takriban wiki 4 zilizopita. Ndoa na uchumba vimeyumba kwa wiki mbili hizo ambazo hazikuwepo. Zipunguzeni kwanza wiki hizo mbili, ndipo mlinganishe na tarehe ya tukio. Ubishi ukibaki, kipimo cha vinasaba baada ya mtoto kuzaliwa kitaumaliza.

Usingoje ultrasaundi ya miadi ukiwa na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, damu, kizunguzungu au maumivu ya ncha ya bega. Mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mji wa mimba, na hiyo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.